Mapafu na Pikapu ya Mama Mkwe

Ukitaka kunikasirisha, niambie mume wangu ni mpole. Watu hunipongeza kwa hilo. "Dada, una bahati, mumeo hapandishi sauti kabisa!" Mimi hutabasamu kwa adabu, huku moyoni nikisema: mchukueni basi, mkae naye nyinyi. Upole wa mume wangu ndio uliomtoa mama yangu nyumbani kwake, na mpaka leo nikilikumbuka jambo hilo chakula hakishuki.

Mtaani wanamwita Mapafu. Ni fundi wa magari, lakini si wa kila gari wala wa kila ugonjwa. Kazi yake ni pikapu za zamani, zile zenye boneti pana ya kuweza kuandalia chakula na vioo vya kuzungusha kwa mkono. Na katika pikapu hizo, anachoshughulikia zaidi ni pumzi: hewa inavyoingia kwenye injini na moshi unavyotoka. Wenye pikapu hizo ni watu wa ajabu, sitaficha. Huyu anataka gari lake livute mzigo mlimani, yule anataka lingurume tu hata likiwa limeegeshwa mlangoni. Mapafu huwachongea bomba la hewa linalopanda mpaka juu ya paa ili lisimeze vumbi la barabarani, huwapanulia njia ya moshi, na huwapimia kabureta mpaka injini itulie.

Alianzia kwenye pampu za maji, kabla hatujajuana. Pampu ikivuta hewa haivuti maji, basi yeye alishinda ameinama akisikiliza hewa inapopenyea. Mpaka leo hana mashine ya kupimia. Ana kipande cha mpira wa bustani. Upande mmoja anautia sikioni, upande mwingine anauzungusha juu ya injini. Akishatulia hivyo, hata nyumba ikiungua nyuma yake hana habari. Chai nimempelekea, chai imepoa, inzi ameingia, naye ameinywa bila kujua amekunywa nini.

Msidhani hana ulimi. Kwa wateja anao. Nimemsikia kwa masikio yangu akimwambia mwenye duka la mbao, mtu mzima mwenye kitambi chake: "Umekuja kutengeneza gari au umekuja kunifundisha? Kama unajua, chukua spana." Na yule mzee akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akangoja. Lakini wakitokea shemeji zake, yaani kaka zangu, ulimi wote huo unaingia ndani kama shingo ya kobe.

Sababu naijua. Alipokuja kuniposa, marehemu baba alimtazama kucha zake zilizojaa oili, akauliza kama kijana huyu huwa ananawa. Kaka zangu ndio waliomsemea. Mkubwa alisema mtu wa kazi ni mtu wa kazi, mdogo akasema huyu ndiye tunayemtaka. Baba akalegea. Tangu siku hiyo Mapafu anawaona kaka zangu kama watu waliomtoa kisimani. Nimemwambia mara nyingi, heshima si utumwa. Anaitikia, "Kweli kabisa, mke wangu," kisha anakwenda kuwafungulia geti.

Sasa nije kwenye pikapu yenyewe. Baba alipofariki, alimwachia mama vitu viwili vya maana: kiwanja chenye kitalu cha miche nje ya mji, na pikapu ya bluu iliyozeeka nayo. Mama anaotesha miche ya matunda, ya maua na ya miti ya kivuli, na siku za soko pikapu inaipeleka. Yeye haendeshi. Anakaa mbele, mkoba magotini, anaamrisha. Kaka zangu walikubaliana kumwendesha kwa zamu, na Mapafu akapewa kazi ya kuiangalia injini.

Kaka mkubwa hakupenda mama aishi kule peke yake. Ana nyumba kubwa mjini, yenye vigae uani na chumba cha wageni kisicholala mgeni. Kila kikao cha familia alikuwa na wimbo wake mmoja: mama ahamie kwake, kitalu kipangishwe. Mama akachoka kuimbiwa. Siku moja alimjibu mbele yetu sote: "Mwanangu, sikiliza. Siku pikapu ya baba yenu itakaposhindwa kuingia barabarani, nitakuja kwako bila kuvutwa mkono. Kabla ya hapo, niache na miche yangu." Kaka akacheka, akasema amekubali, na sisi wote tukawa mashahidi. Tangu hapo kila mtu alijua kwamba nyumba ya mama imesimama juu ya injini ile. Mapafu alijua kuliko wote.

Nimesema kaka zangu ni wawili. Mkubwa ni mtu wa ofisi ya bima, na ndani ya familia tunamwita Msafi, maana akikaribishwa kiti kwanza anakipangusa. Mdogo tunamwita Rubani. Anauza spika za muziki, na anaamini kwamba kitu kisichopiga kelele hakifanyi kazi. Wote wawili wanampenda mama, hilo siwezi kulikana. Ila kumpenda mama ni jambo moja, na kuiacha pikapu yake ilivyo ni jambo lingine.

Rubani ndiye aliyeanza. Juu ya injini ya pikapu ile kuna kitu kama sinia la chuma lenye mfuniko, mafundi wanakiita eya klina. Ndani yake mna chujio la duara. Hewa inaingia kwa nje, inapita kwenye chujio, vumbi linabaki, na hewa safi inashuka katikati kuelekea kwenye kabureta. Rubani alisikia sokoni kwamba ukitoboa mfuniko, injini inapata hewa zaidi na kunguruma vizuri. Akachukua drili anayotobolea maboksi ya spika, akautoboa mfuniko matundu mazuri kabisa, yamepangwa duara kama ya spika zake. Akayatoboa katikati. Yaani ndani ya chujio, upande wa hewa safi. Na barabara ya kitaluni kwa mama ni vumbi mwanzo mpaka mwisho.

Gari likanguruma kweli. Rubani akaja nalo kwetu, akalikanyagia mafuta uani mpaka kuku wa jirani wakatawanyika. "Shemeji, unasikia hiyo? Hiyo ndiyo injini!"

Mapafu alifungua boneti, akatazama. Nilikuwa naanika nguo, nikamwona uso ulivyombadilika. Nikangoja aseme. Akasema, "Inasikika, shemeji."

"Inasikika tu?"

"Inasikika sana, shemeji."

Rubani alipoondoka, nilimfuata mume wangu na ndoo yangu ya nguo. "Umeona nini?"

"Amefungulia vumbi mlango," akasema. "Linaingia moja kwa moja. Litakula ringi, litakwangua silinda, injini itaanza kunywa oili."

"Sasa kwa nini hukumwambia?"

"Amefurahi, mke wangu. Nitarekebisha polepole."

Na kweli alirekebisha. Zamu ya Rubani ilipokwisha, aliyaziba matundu yote kwa vibati na gundi ya chuma, akapaka rangi juu. Rubani aliporudi kwenye zamu akaona injini imenyamaza, akadhani matundu yameziba kwa uchafu, akayatoboa upya. Mapafu akaziba. Rubani akatoboa. Mwisho mfuniko ule ulikuwa na viraka kuliko suruali ya kazini. Mimi nikiuliza, naambiwa nisiwe na haraka.

Kaka mkubwa naye hakukubali kupitwa. Kwenye injini ile kuna mpira unaotoa mvuke wa oili tumboni mwa injini na kuurudisha juu kwenye eya klina, ili uchomwe badala ya kutoka nje. Huko juu, kwa kutobolewa na kuzibwa kila mara, mpira ukawa haushiki vizuri, ukadondosha oili. Ikadondoka wapi? Kwenye vigae vya Msafi. Basi mtu mzima wa ofisi ya bima akakunja mikono ya shati, akauchomoa mpira, akaukaza bolti mdomoni, akaufunga na waya. Akatupigia simu kujisifu. "Mwambie shemeji nimemaliza lile tatizo la oili. Si kila kitu mpaka fundi."

Mapafu alikaa chini nilipompa habari. Alikaa kwenye sakafu ya karakana, si kwenye kiti.

"Mbona hivyo?" nikauliza.

"Ameiziba pua. Injini ikikosa pa kupumulia, presha inapanda ndani. Itasukuma oili itoke popote itakapopata, kwenye sili, kwenye gasketi, popote."

"Basi mpigie. Simu hii hapa."

Aliitazama simu kama nimempa nyoka. "Amesema amemaliza tatizo. Nimpigie nimwambie nini? Kwamba kaka mkubwa hajui?"

"Ndiyo! Mwambie hajui! Hajui, na wala si dhambi kutojua!"

Akanyanyuka, akanawa mikono. Alikwenda kitaluni siku ya pili yake akijifanya anakwenda kumsalimia mama, akalitoa lile bolti kimyakimya, akalificha mfukoni. Kaka akaona tone la oili uani kwake, akatia bolti jingine, refu zaidi. Nilitamani kupiga kelele mtaa mzima usikie. Mmoja anaitoboa, mwingine anaiziba, na fundi mwenye akili zake anazunguka nyuma yao kama mtu anayefagia upepo ukivuma. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nilimwambia hivyo kwa maneno hayohayo. Akaniambia nisimtabirie mama mabaya.

Tuligombana siku hiyo. Kugombana na Mapafu ni kazi ya mtu mmoja. Unasema wewe, unajibu wewe, unalia wewe. Nilimwambia nitakwenda kwa mama nimweleze mwenyewe. Hapo tu ndipo alipoinua macho. "Tafadhali usinigombanishe na shemeji zangu. Hao ndio walionipa wewe. Niachie, nitaiweka sawa." Nikamwachia. Mwenye kuijua injini alikuwa yeye, mimi ningekwenda kusema nini, mpira umezibwa, mpira gani, pua gani?

Kisha likaja jambo la ukaguzi. Magari yote makuukuu yakatakiwa kupimwa moshi, na lisilopita haliruhusiwi barabarani. Kaka zangu waliitana wakaitengeneza pikapu kwa ajili ya siku hiyo, kila mmoja kwa akili zake. Rubani alikuwa amekiziba kibomba kinachorudisha sehemu ya moshi kwenye injini ukachomwe tena. Alikata kipande cha debe la rangi akakitia katikati, eti injini isile uchafu wake yenyewe. Msafi aliiosha injini kwa sabuni na maji ya presha mpaka ikang'aa, na chujio la karatasi nalo akaliosha, akalianika kamba moja na mashati. Mapafu aliletewa gari jioni ya kuamkia ukaguzi, likiwa linapendeza kama bibi harusi. Akatia mpira sikioni, akasikiliza. Alisikiliza sana. Nikamwona anaufumba mkono wake mwingine na kuufumbua.

Alibadilisha alichoweza. Alitia chujio jipya, akalitoa bolti, akakitoa kipande cha debe, akafunga mfuniko mwingine usiotobolewa. Lakini vumbi lililokwishaingia halitolewi kwa spana.

Tulikwenda wote. Mama alivaa nguo zake za kutokea, akakaa mbele na mkoba wake. Mkaguzi alikuwa kijana mtaratibu, hakumwonea mtu. Alitia kifimbo cha mashine kwenye bomba la moshi, akaomba gari likanyagiwe mafuta. Moshi ukatoka wa buluu, mzito, ukajaa lile banda mpaka watu wa foleni ya nyuma wakapandisha vioo. Chini ya injini oili ilikuwa inadondoka bila haya. Mkaguzi akainama, akatazama, akasimama akijifuta mikono. "Mama, samahani. Injini hii imechoka ndani. Inachoma oili. Siwezi kuipitisha."

Tulilivuta gari kwa kamba mpaka kitaluni. Nilidhani mama atalia, hakulia. Kaka mkubwa akaanza yake: hili ndilo alilolisema siku zote, gari limezeeka, na kwa kweli hata huduma halikupata vizuri. Rubani naye akaitikia, na nasikitika kusema alimtazama mume wangu. "Shemeji, si wewe ndiye fundi? Ulikuwa unaangalia nini muda wote huu?"

Nikafungua mdomo, mama akaninyooshea kiganja ninyamaze. Akamgeukia Mapafu.

"Fungua boneti," akasema. "Nionyeshe. Mimi si fundi, nionyeshe kama mtoto."

Mapafu akafungua. Akawatazama shemeji zake, mmoja mmoja, kama anaomba ruhusa. Kisha akaingia kwenye gari, nyuma ya kiti, akatoa mfuko wa turubai. Mle ndani alikuwa na ule mfuniko wenye viraka, mabolti ya Msafi, kipande cha debe, na lile chujio lililooshwa, limekakamaa. Akamweleza mama kila kimoja kinakaa wapi na kilifanya nini. Hakutaja jina la mtu. Alisema "palitobolewa," "pakazibwa," "likaoshwa," kana kwamba yalifanywa na mvua. Lakini drili inajulikana ni ya nani, na vigae vinajulikana ni vya nani. Rubani alianza kuchezea funguo. Msafi aliinama akapangusa kiatu ambacho hakikuwa na vumbi.

Mimi, kusema kweli, nilifurahi. Nikasema moyoni, hatimaye. Hatimaye mume wangu amesema, na wamesikia, na mama amejua nani ni nani. Nikamtazama mama usoni nikitarajia awageukie wanawe awaseme mpaka wajute.

Hakuwageukia. Alikuwa bado anamtazama Mapafu.

"Hili tundu la kwanza," akauliza, "uliliona lini?"

"Lilipotobolewa tu, mama."

"Ukajua litaua injini?"

"Nilijua, mama."

"Na bolti?"

"Nilijua."

"Na ulikuwa unakuja hapa. Unakunywa chai yangu hapa, unaniuliza miche inaendeleaje. Na unajua."

Mapafu akasema, kwa sauti ambayo niliisikia kwa shida, "Mama, niliwaheshimu shemeji zangu."

"Uliwaheshimu wao," mama akasema. "Hawa ni watoto wangu, nawajua, hawajui kitu na hawajui kwamba hawajui. Nisingewategemea hata kufunga lango. Wewe ndiye niliyekutegemea. Walipokuwa wanaheshimiwa wao, mimi nilikuwa wapi?"

Kaka mkubwa alijaribu kusema kwamba huenda injini ikafunguliwa, ikawekwa ringi mpya, na Mapafu akadakia haraka kwamba ndiyo, anaweza, ataichonga upya, atafanya kazi hiyo tu asifanye nyingine. Mama akatikisa kichwa. "Niliweka ahadi mbele ya watu. Gari limeshindwa kuingia barabarani. Nitakwenda."

Alihama mwisho wa wiki hiyo. Miche mingine alimgawia jirani, mingine tukaipakia kwenye lori la kukodi, ikaishia kwenye vigae vya Msafi, imepangwa mstari ili isichafue. Ndugu wote tulikuwepo tukibeba. Mapafu alibeba kuliko wote. Alibeba hata vitu ambavyo vingeweza kuachwa. Rubani na Msafi mama aliwagombeza siku nzima. Rubani aliitwa mvivu, Msafi aliitwa bibi harusi kwa jinsi anavyoshika sufuria kwa ncha za vidole. Nami nilisemwa kwa kuvunja chungu. Hakuna aliyesalimika, na kelele zile kidogo zilitupa moyo, maana mama akigomba ujue yuko hai.

Mume wangu hakugombezwa. Alipitisha kabati mlangoni akaukwangua ukuta, mama akaona, akasema, "Pole, baba, usijali." Alipomaliza kupakia, mama alimfuata pale kwenye lori, akamnyooshea mkono, yeye ambaye miaka yote alizoea kumpiga kofi la mgongo na kumwita Mapafu kama wenzake. Akasema, "Ahsante sana kwa msaada wako. Mungu akubariki. Wasalimie nyumbani." Nyumbani gani, na mke mwenyewe nimesimama hapo? Alimpa kila neno la heshima analopewa mgeni, hakupunguza hata moja, kisha akapanda lori.

Mapafu alibaki ameshika mkono wake mwenyewe. Nilipomwambia twende, aliniuliza, "Umesikia alivyoniaga?"

Nikamwambia nimesikia.

"Bora angenitukana," akasema.

Siku ile nilikuwa nimemwandalia maneno mengi, ya kutosha mpaka mwaka mwingine. Sikuweza kulitoa hata moja. Nilimshika mkono, tukatembea mpaka nyumbani.